Mbona Wasijengewe Madarasa Tu?

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi ya Mafinga ikiwa imekaza kiasi kwamba wanakwaya waliimba mikono ikiwa ndani ya makoti, mwinjilisti wetu alitangaza sadaka maalumu kwa ajili ya watoto waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Alisoma kutoka kwenye karatasi: shule zimefungwa, watoto wanasoma chini ya miti. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kuota jua, na mzee mmoja, fundi seremala aliyetengeneza nusu ya madawati ya tarafa hii, akanishika bega.

"Kamwene, Mwalimu. Hebu nieleweshe. Sisi hapa tuliletewa milioni ishirini, baada ya miezi mitatu darasa likasimama. Hao wakubwa wa dunia wana fedha kuliko sisi. Mbona hao watoto wasijengewe madarasa tu, yakaisha?"

Nilimjibu juu juu, kwamba vita ni vita mzee wangu, nikaenda kunywa chai. Lakini lile jibu lilinisuta wiki nzima. Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi wa shule mara mbili, najua darasa linavyosimama, na nikawa sina maelezo ya kwa nini huko halisimami. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, hata kama chai ingepoa.

Kwanza, hiyo milioni 20

Mwishoni mwa mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabili athari za UVIKO-19, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, kila moja kwa shilingi milioni 20. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya shule, kamati ikanunua vifaa, mafundi wa papo hapo wakajenga. Utaratibu huo ndio force akaunti, siku hizi hata bibi wa kijijini anaijua.

Watu hukumbuka fedha. Mimi nakumbuka vitu ambavyo hatukuvilipia. Saruji ilitoka Songwe kwa lori lililopita barabara kuu bila mtu kulisimamisha kwa bunduki. Mbao zilitoka kwenye paini za Sao Hill, ambazo tunaziona tukisimama mlangoni. Benki ilikuwa wazi. Mchanga walisomba wanakijiji kwa zamu, na mtendaji aliandika majina ya waliokwepa. Fundi alirudi kulala kwake. Eneo la shule lilikuwa na mpaka unaojulikana, mstari wa mikaratusi iliyopandwa kabla hatujazaliwa. Na lililo kubwa kuliko yote, ambalo halikutajwa kikaoni kwa sababu halikumjia yeyote akilini: sote tuliamini kwamba mwakani kijiji kitakuwa palepale, na watu ni walewale.

Sasa ondoa kimoja kimoja. Lori linapita vizuizi vitatu, kila kizuizi kinadai chake, saruji inafika ikiwa na bei nyingine kabisa. Benki imefungwa, fedha zinabebwa kwenye mkoba, na anayebeba mkoba anajulikana. Fundi amekimbia. Kamati haiwezi kukaa kwa sababu mwenyekiti yuko kambi moja na mweka hazina yuko ng'ambo ya mpaka. Ramani ni ileile, milioni ni zilezile, darasa halijengeki.

Kuna na tatizo la neno lenyewe. Ukimwambia mtu wa Mbarali, mkoani Mbeya, "maeneo yenye migogoro", hafikirii Kongo hata kidogo. Anafikiria bonde la Usangu: mkulima wa mpunga, mfugaji na hifadhi, kila mmoja na ramani yake. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa mwaka 2008 kwa tangazo ambalo kule kila mtu analiita GN 28, ikaingiza sehemu kubwa ya bonde hilo. Mwaka 2023 likatoka tangazo jingine la mipaka, GN 754. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo la kwanza, lilipotoka la pili alikuwa ameshamaliza darasa la saba.

Ule ni mgogoro wa ardhi, na kuuchanganya na vita ni kuwakosea waliopigwa mabomu. Nautaja kwa sababu moja. Mzazi anayesikia kila mwaka kwamba huenda wakahamishwa hatoi tofali la mchango. Shule shikizi aliyoijenga kwa miti na udongo ataiacha hivyohivyo, ataziba ufa kwa udongo mwingine, lakini hataipandisha mpaka lenta. Ukimwita mvivu unakosea. Nani ataezeka bati mahali ambapo hana hakika atalala? Hilo swali la Usangu, likuzwe mara mia, ndilo linalotawala shule zote za watu waliokimbia vita.

Shule inavyokufa

Kwenye picha tunaona ukuta uliotobolewa na kombora, tunadhani ndivyo shule zinavyokufa. Zipo zinazokufa hivyo. Nyingi hufa taratibu, jengo likiwa limesimama.

Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, maelfu ya familia zilizokuwa kwenye kambi za pembeni ya mji zilibeba godoro na sufuria na kuingia popote penye paa: makanisani na madarasani. (Kwa sisi wa huku si habari ya mbali sana, vijana wa jeshi letu, JWTZ, wamekuwa kwenye vikosi vya mashariki mwa Kongo tangu 2013, na kuna nyumba zinazofuatilia taarifa za habari kwa sababu hiyo.) Hebu liangalie darasa moja, si Goma tu, popote pale watu wanapokimbilia shuleni. Usiku wa kwanza watu wanalala sakafuni, madawati yamesogezwa ukutani. Usiku wa tatu mvua imenyesha, watoto wanalia njaa, na kutoka nje kutafuta kuni ni kujitafutia kifo. Lile dawati la ukutani ni mbao kavu. Fundi wangu angeumia kulisikia hili: dawati la kukalia watoto watatu, lililopigwa randa na kupakwa vanishi, linapika uji. Na mama aliyelivunja huwezi kumlaumu.

Baada ya miezi, familia zinaondolewa ili masomo yaanze. Kilichobaki ni kuta nyeusi kwa moshi, vyoo vilivyojaa hadi mdomoni, ubao uliochubuka, na sakafu tupu. Anakuja mtu wa tathmini na fomu yake. Paa lipo. Kuta zipo. Anaandika: jengo halikuharibiwa.

Njia ya pili ya shule kufa ina kejeli ndani yake. Kadiri unavyoijenga vizuri, ndivyo inavyompendeza askari. Fikiria shule nzuri ya kwetu: matofali ya kuchoma, bati, uzio, vyoo, kisima, uwanja wa mpira uliosawazishwa, na aghalabu imekaa kwenye mwinuko karibu na barabara. Ni kambi iliyokwisha kujengwa. Kikosi kinachoingia kijijini usiku hakina haja ya kutafuta pengine. Wakishalala humo hata wiki moja, upande wa pili unayaona yale majengo kama shabaha, na mzazi hamruhusu tena mtoto kwenda, hata baada ya askari kuondoka.

Ndiyo maana sehemu moja ya kuboresha miundombinu ya shule haihusu matofali. Mwezi Mei 2015, mjini Oslo, mataifa yalianza kuunga mkono Azimio la Shule Salama, ambalo kiini chake ni ahadi ya kulinda elimu wakati wa vita na kutogeuza shule kuwa kambi. Kongo ni miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1998 linaloruhusu majeshi na makundi yanayoshambulia shule yaorodheshwe kwa majina kwenye ripoti ya kila mwaka ya Umoja wa Mataifa. Orodha haimzuii mwenye bunduki usiku ule. Ila kamanda anayetaka siku moja kuvaa suti na kukaa kwenye meza ya mazungumzo hapendi jina lake lionekane hapo, na hiyo ni kamba ndogo ya kumvutia.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Mahali palipopiganiwa, huwezi kuchimba msingi kabla hapajakaguliwa, maana mabomu yaliyofukiwa hayajui kwamba vita vimekwisha. Msumbiji, jirani zetu wa kusini, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikoma mwaka 1992, lakini nchi ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015. Miaka 23 ya kusafisha. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa baruti. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari ya panya hao na darasa zima linaamka, hata wa nyuma.

Hema, sanduku, na mifuko miwili

Watu wakishavuka mpaka, au wakishatua mahali penye utulivu kidogo, msaada wa kwanza wa shule huja ukiwa umefungwa. Yapo mahema ya UNICEF, kubwa lake lina mita za mraba 72. Lipo pia sanduku la bati la alumini wanaloliita shule ndani ya sanduku: madaftari, penseli, mikasi, saa ya mbao ya kufundishia majira, vipande vya kuhesabia, na rangi maalumu ambayo mwalimu anaipaka kwenye kifuniko, kifuniko kinakuwa ubao. Limepangwa kwa mwalimu mmoja na watoto wapatao 40. Mtu mwenye akili alilibuni. Unalitua asubuhi, saa nne mna darasa.

Tatizo ni kwamba hema limebuniwa liwe la mwanzo. Jua hulila turubai. Mchana ndani yake ni joto la tanuri, na kwa baridi kama hii yetu ya Mufindi na Makete asubuhi ya mwezi wa saba, mtoto hawezi kushika penseli. Mvua ikianza, mwalimu anyamaze. Hilo la mvua tunalijua hata sisi wenye madarasa ya kudumu. Mwalimu yeyote aliyefundisha Tukuyu kwenye darasa lisilo na dari atakwambia kwamba mwezi wa nne kuna vipindi ambavyo ni kuandika ubaoni tu, maana bati linapiga kelele kuliko yeye. Hema linatakiwa lipishe kitu kingine baada ya mwaka au miwili. Mara nyingi halipishi, linaongezewa kiraka.

Hapa ndipo swali la mzee lilipo: fedha zipo, kwa nini hema lisigeuke darasa?

Fedha za dunia zina mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa dharura. Unafunguka haraka, watoa misaada huombwa kila mwaka upya, na unatakiwa utumike ndani ya muda mfupi: chakula, dawa, maji, turubai. Elimu kwenye mfuko huu hupata sehemu ndogo sana, kwa hoja inayoonekana ya kweli kwamba mtoto kwanza aishi. Mfuko wa pili ni wa maendeleo. Huo ndio unaojenga madarasa, lakini unapita serikalini, unataka mpango wa miaka mitano, hati ya eneo, mkandarasi, mkaguzi, na nchi iliyotulia. Mtoto wa kambini anadondoka katikati ya mifuko hiyo. Wa dharura unasema darasa la kudumu si kazi yangu. Wa maendeleo unasema huyu si raia wa nchi ninayoisaidia, na hapa si mahali pa kudumu. Na kila fedha huja na fungu lake. Iliyoandikiwa maji haiwezi kununua chaki hata kama maji yamejaa pomoni.

Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, ulianzishwa mfuko wa kimataifa wa elimu katika dharura uitwao Education Cannot Wait, kwa kusudi hasa la kuziba ufa huo. Umesaidia. Lakini mfuko unaotegemea watoa misaada hupepesuka nao wakipepesuka, na mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, watu wengi walioajiriwa kwenye miradi ya namna hii, hata hapa nchini, walipata barua ya kuacha kazi kabla hawajajua nani ataendelea na ile kazi.

"Wa muda" mpaka lini?

Chini ya mifuko yote miwili limekaa neno moja: muda. Nchi inayopokea wakimbizi inasema hawa ni wageni wa muda, siku moja watarudi, kwa hiyo tusijenge cha kudumu. Ukiwasikiliza viongozi wanaosema hivyo, wana hoja. Darasa la saruji kambini linaonekana kama barua ya kuwakaribisha wakae moja kwa moja, na mwenyeji wa Kasulu, Kigoma, jirani na kambi, ambaye mtoto wake anakaa chini darasani ataliuliza swali la haki.

Ila pima muda huo kwa umri wa mtoto. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza pale mwaka uliofuata sasa anakaribia miaka 40, na huenda ana watoto wake wanaosoma palepale. Mwaka 2015 walipomiminika Warundi, Nyarugusu ikafurika, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na maelfu ya watoto wakaanza masomo chini ya miti, wengine kwa zamu za asubuhi na mchana. Kwa mkubwa, muda ni kipindi cha kusubiri. Kwa mtoto, muda huo ndio shule yenyewe. Akishafika miaka 15 hakuna wa kumrudishia.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna ushahidi wa jambo hili uani kwetu, na ajabu ni wachache wanaoujua. Ukienda Ifunda, hapa Iringa, au Kidugala kule Njombe, utaonyeshwa makaburi ya Wapolandi. Hao walikuwa wakimbizi wa vita. Nchi yao ilivamiwa mwezi Septemba 1939, Wajerumani kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Familia nyingi zilisombwa na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan, kisha mwaka 1942 baadhi wakaruhusiwa kutoka, wakapitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, ndiyo iliyokuwa kambi kubwa, watu takriban 5,000. Ifunda na Kidugala zilipokea mamia. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Wale nao walikuwa wa muda. Vita vikiisha warudi kwao. Lakini shule zilifunguliwa tangu mwanzo, kwa lugha yao, na walimu waliotoka miongoni mwao. Vita vikaisha mwaka 1945, nchi yao ikawa chini ya utawala ambao wengi hawakuutaka, na hawakurudi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wakitawanyika kwenda Uingereza, Australia, Kanada. Mtoto aliyefika Ifunda akiwa na miaka 7 aliondoka akiwa kijana. Hesabu, kusoma, historia ya kwao, vyote alivipata kwenye kambi ya muda katikati ya Uhehe.

Nisiipambe lakini habari hii. Waliokuwa wanalipa ni wakubwa wa vita, na wakimbizi wale walikuwa Wazungu ndani ya koloni la Waingereza. Wakati mtoto wa Kipolandi anasoma Ifunda, watoto wengi wa Kihehe na Kibena waliowatazama kutoka ng'ambo ya uzio hawakuwa na darasa lolote. Kilio cha mwenyeji wa Kasulu leo si kipya. Baadaye Ifunda ikawa jina la shule ya ufundi iliyowatoa Watanzania wengi, na Kidugala kuna seminari ya Kilutheri.

Mifano ya kwetu haikuishia hapo. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la mkonge lililoachwa, Mazimbu, Morogoro, kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Walijenga shule ya saruji, si ya turubai. Wakaongeza shule ya awali, karakana, hospitali na shamba. Walipoondoka mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo cha Sokoine. Warundi waliokuja mwaka 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi ya kulima. Zaidi ya watu 160,000 wakapata uraia, na vyeti wakakabidhiwa kuanzia 2014. Kwa hiyo nchi ni hii hii moja, na imewahi kufanya yote mawili: kujenga kana kwamba watu watakaa, na kujenga kana kwamba wataondoka kesho. Hakuna jengo la Mazimbu lililowazuia Waafrika Kusini kurudi kwao.

Choo

Nimelichelewesha hili kwa sababu mwinjilisti hawezi kulisoma madhabahuni, lakini ningepewa nafasi ya kuboresha kitu kimoja kwenye shule ya kambini ningeanza na choo, darasa lifuate.

Viwango vyetu Tanzania vinataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ngapi za huku zinafikia hapo, tusiulizane. Viwango vya kimataifa vya dharura vimelegezwa: tundu moja kwa wasichana 30, moja kwa wavulana 60, na lita 3 za maji kwa mwanafunzi kwa siku za kunywa na kunawa. Lita 3! Mimina kwenye ndoo uone zilivyo chache, na bado kuzifikia ni kazi.

Kisha ardhi ina maneno yake. Goma imekaa juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo. Watu wa Rungwe wanaojua kugonga jembe kwenye jiwe jeusi wataelewa: shimo la choo halichimbiki. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika pale, kinyesi kilibaki juu ya mwamba, kikaingia majini, na kipindupindu kikaua maelfu ndani ya wiki chache. Choo cha mahali kama pale kinajengwa kwa kupanda juu, ngazi kwanza, tangi chini yake, na lazima pawepo gari la kuja kulinyonya. Yaani tundu moja linaweza kugharimu kuliko ukuta wa darasa, na hakuna kiongozi anayekata utepe mbele ya choo.

Sasa nikuonyeshe kitu kidogo. Katika ujenzi wangu wa kwanza tulimaliza matundu manane, rangi ikapakwa, picha zikapigwa. Wiki ya pili nikagundua wasichana wa darasa la sita na la saba hawaendi peke yao. Wanakwenda wawili wawili. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameshika mlango kwa mikono miwili, kipindi kinaendelea bila wao. Milango haikuwa na makomeo kwa ndani. Kwenye makadirio ya fundi bawaba zilikuwepo, kitasa cha nje cha kufungia usiku kilikuwepo, komeo la ndani hakuna aliyelikumbuka. Sisi tulioandika makadirio tulikuwa wanaume watano.

Hiyo ni shule ya kijiji tulivu, ambako watu wote wanafahamiana. Mpeleke msichana huyo kambini, ambako njia ya chooni inapita katikati ya mahema ya watu asiowajua. Akishavunja ungo, hesabu anayoipiga kila asubuhi ni rahisi: abaki nyumbani. Ripoti itaandika utoro.

Ya mwalimu nitayapitia haraka, si kwamba ni madogo. Kwenye kambi zetu walimu wengi ni wakimbizi wenyewe na hulipwa posho, hawalipwi mshahara. Akipata kibarua kinacholipa zaidi anaondoka, na lile darasa jipya linabaki na ubao tu. Mtaala ni wa nchi walikotoka, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasianze moja. Ni sawa, mradi kuwe na mtu wa kuutambua mtihani wao. Mtoto anaweza kukaa miaka 7 kwenye dawati zuri akatoka na cheti ambacho hakuna ofisi ya upande wowote wa mpaka inayokipokea.

Juzi nikapita karakanani kwa mzee nimweleze haya yote. Alikuwa anapiga randa fremu ya mlango, akasikiliza bila kuacha. Kwenye madawati ya kuni alitikisa kichwa. Kwenye mifuko miwili alicheka, akasema hata halmashauri iko hivyohivyo. Nilipofika kwenye choo akasimamisha randa.

"Na makomeo ya ndani wanaweka?"

Nikamwambia kuna mahali wanaweka, kuna mahali yanasahaulika kama tulivyosahau sisi. Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi lililojaa makomeo ya chuma yaliyobaki kwenye kazi fulani ya zamani. Nikamweleza kwamba sadaka inakwenda kama fedha, vitu havisafirishwi. Akalirudisha kopo.

Jumapili iliyofuata, kwenye bahasha yake, juu ya mstari wa kiasi, alikuwa ameandika kwa ile penseli yake pana ya useremala: *ya makomeo*. Mhazini wa usharika ameniuliza mara mbili aiingize kwenye fungu gani.